Kijana wangu anameza dawa za bibi yake: tufanye nini?

Mama wa Likoni
Assalaam aleykum. Kijana wangu ana miaka 16. Bibi yake, ambaye tunaishi naye, huandikiwa tramadol ya maumivu ya mgongo na diazepam ya kumsaidia kulala. Juzi niliona vidonge vya katikati vimetolewa na vya pembeni kuachwa, ili pakiti ionekane haijaguswa. Kijana amekiri kwamba humeza vyote viwili karibu kila siku. Baba yake anataka kumfungia chumbani hadi "zimtoke mwilini". Je, ni sawa?

Ami wa Kisauni
Mpelekeni kwa jamaa zenu Lamu, mbali na wenzake wa maskani. Kijana wa ndugu yangu alitulia huko.

Muuguzi Mstaafu
Ami, kwa heshima zote, kwa sasa asifungiwe wala asisafirishwe. Aliyezoea diazepam akikatizwa ghafla anaweza kushikwa na kifafa, ndiyo maana daktari huipunguza kidogo kidogo. Tramadol nayo, ingawa wengi huichukulia kama panadol yenye nguvu zaidi, ni ya jamii moja na mofini, na ikichanganywa na diazepam inaweza kumfanya mtu apumue polepole mno hadi pumzi ikatike. Mkimkuta amelala haamki, anakoroma isivyo kawaida au midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali pamoja na pakiti za dawa; msisubiri usingizi umwishe. Kwa ushauri, simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo.

Mfamasia wa Mtaa
Bibi asinyimwe dawa zake kwa sababu hii. Zifungiwe kwa ufunguo, mtu mzima mmoja ampe kila dozi na kuhesabu zilizobaki, na zisizohitajika tena zirudishwe famasi. Muulizeni kijana, bila kumtisha, kama huzipata kwingine pia, kwa maana yapo maduka yanayouza dawa hizi bila cheti cha daktari, jambo ambalo sheria hairuhusu.

Mama wa Likoni
Ahsanteni sana. Baba yake amesoma majibu haya na ameridhika. Tunakwenda hospitali kesho asubuhi. Mtoto amekubali, ila anataka niingie naye mimi.

Muuguzi Mstaafu
Ingia naye, mama, kisha umwache na daktari peke yao kwa muda, kwa sababu kiasi anachomeza hasa na vitu anavyochanganya huenda asivitaje mbele yako.