Mrejesho: vitumbua vya mchele sasa vinabaki laini

Niliwauliza namna ya kupata vitumbua vya mchele visivyokauka vikishapoa, kwa kuwa watoto huvibeba shuleni na kuvila saa nne. Nawashukuru sana dada na mama zangu mlionijibu, hasa aliyenishauri kusaga mchele pamoja na kiporo cha wali, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kabisa.

Nililoweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, nikausaga na nusu kikombe cha wali uliolala, kikombe 1 na nusu cha tui zito, iliki, sukari na kijiko 1 cha chai cha hamira, kisha nikaufunika mchanganyiko huo mahali penye joto hadi ulipoumuka na kujaa mapovu. Wali, kwa kuwa umekwishaiva, hushika maji ndani ya kitumbua, na vyangu vilikuwa bado laini jioni. Chuma cha kupikia vitumbua nacho kipate moto vizuri kabla ya kutia mafuta, la sivyo vitashika.

Kwa aliyeuliza kuhusu maziwa badala ya tui: yanafaa, ingawa kwangu kitumbua bila nazi hakijakamilika.