Mjadala: Mtafiti wa saikolojia apimwe kwa idadi ya machapisho na manukuu?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam. Mtafiti wa saikolojia akiomba kupanda kutoka mhadhiri mwandamizi hadi profesa, au akiomba fedha za utafiti, maswali ya kwanza anayokutana nayo ni ya hesabu. Una makala ngapi? Zimenukuliwa mara ngapi? Kielezo-h chako ni kipi? Kwa asiyekifahamu, hicho kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, lakini hujafikisha makala 21 zilizonukuliwa mara 21, kielezo chako ni 20.

Msimamo wangu ni kwamba hesabu hizi zisitumike kama mlango wa kuingilia. Zinatueleza kazi ya mtu imezungumzwa kiasi gani. Kama alichokisema kina ukweli, hazina habari nacho, na katika saikolojia pengo kati ya mambo hayo mawili ni pana mno kulifumbia macho.

Tazameni suala la mwanasaikolojia Hans Eysenck. Mwaka 2002 Haggbloom na wenzake walichapisha orodha ya wanasaikolojia 100 mashuhuri zaidi wa karne ya 20. Katika kipengele cha kunukuliwa kwenye majarida, Freud alishika nafasi ya kwanza, Piaget ya pili, Eysenck ya tatu. Mwaka 2019, King's College London ilipitia makala ambazo Eysenck aliandika na Ronald Grossarth-Maticek kuhusu haiba ya mtu na vifo vya saratani na maradhi ya moyo, ikahitimisha kwamba 26 kati yake hazifai kuaminiwa. Majarida yakaanza kuzibatilisha. Mwenyewe alikwishafariki tangu 1997. Wakosoaji walikuwa wameshaandika mapema miaka ya 1990, na kila walipotaja makala zake ili kuzipinga, hesabu ya manukuu yake iliongezeka.

Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi. Anayekupinga na anayekusifu wanaingia kwenye hesabu moja.

Na msiseme ni mtu mmoja tu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, ikabaki asilimia 36. Kisha mwaka 2021 Serra-Garcia na Gneezy wakaonyesha kwamba makala zilizoshindwa kurudiwa, za saikolojia, uchumi na sayansi kwa jumla, ndizo zinazonukuliwa zaidi. Hata baada ya kushindwa huko kutangazwa, ni kama asilimia 12 tu ya walioendelea kuzinukuu waliotaja kwamba zilishindwa.

Karibuni tujadili.

Mkutubi

Mkuu, nimekusoma kwa makini. Mifano yako ni ya kweli, ila hitimisho silikubali.

Ukiondoa hesabu, utaweka nini? Watu. Na watu tunawajua. Kabla ya kanzidata hizi zinazohesabu manukuu, mwombaji alipanda au alibaki chini kutegemea nani kwenye kamati alisoma naye, na nani alikuwa msimamizi wake. Hesabu haimjui mjomba wa mtu. Binti aliyetoka chuo kisichojulikana, asiye na mtu wa kumsemea, anaweza kuweka mezani makala zilizonukuliwa mara mia tatu na hakuna atakayezifuta.

Tena saikolojia yenyewe imetuonyesha jinsi hukumu ya wasomaji inavyoyumba. Mwaka 1982 Douglas Peters na Stephen Ceci walichukua makala 12 zilizokwisha kuchapishwa na majarida ya saikolojia yenye heshima, wakabadilisha majina ya waandishi, wakaweka majina ya taasisi za kubuni zisizo na hadhi, wakazirudisha kwenye majarida yaleyale. Tatu ziligunduliwa. Kati ya 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa, nyingi kwa madai ya kasoro kubwa za mbinu. Kazi ni ileile, jarida ni lilelile, kilichobadilika ni jina na anuani. Hao ndio wasomaji unaotaka tuwakabidhi hatima ya mtafiti kijana?

Mwanzisha mada

Hoja nzito, na sitaikwepa. Lakini uangalie umethibitisha nini. Peters na Ceci walionyesha kwamba mlango wa jarida una upendeleo. Makala inayohesabiwa ni ile iliyopita mlango huo. Kama jina na anuani vinaamua nani achapishwe, basi vinaamua pia nani anukuliwe, na hesabu inaubeba upendeleo uleule huku ikionekana haina upande. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza tangu 1968: mwenye sifa huongezewa sifa, asiyejulikana hupewa kidogo hata kwa kazi inayolingana.

Binti yako wa manukuu mia tatu yupo, nakubali. Wenzake wengi hawakufika hata kwenye mia.

Mshauri wa kliniki

Naomba niingie, maana mnazungumzia majarida kana kwamba saikolojia inaishia humo.

Mimi natumia hojaji za kupima sonona kila siku. Anayekaa miaka kuhakikisha kwamba hojaji iliyotungwa kwa lugha moja inapima kitu kilekile ikihamishiwa lugha nyingine anafanya kazi ngumu sana. Anahoji watu, anagundua sentensi fulani inaeleweka kama uchovu wa mwili badala ya huzuni, anaiandika upya, anaijaribu tena. Mwisho wa yote anatoa makala moja kwenye jarida dogo, inayonukuliwa na wachache. Hojaji yenyewe inatumika na wauguzi na washauri ambao hawaandiki makala, na kwa hiyo hawamnukuu mtu. Wagonjwa nao hawanukuu.

Kwa vipimo vyenu mtu huyo hana athari. Kwangu mimi, nikimwondoa huyo, nafanya kazi gizani.

Kuna jambo jingine linalohusiana na hili. Jeffrey Arnett alipitia majarida sita ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ya miaka ya 2003 hadi 2007, akakuta asilimia 68 ya waliochunguzwa walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Anayechunguza watu wengine wote, tena akaandika kwa lugha isiyo Kiingereza, mara nyingi anachapisha kwenye majarida ambayo kanzidata kubwa haziyaingizi kabisa. Hesabu yake inaanzia sifuri, na hapo sisemi lolote kuhusu ubora wa kazi.

Mtakwimu

Kwa ufupi, mambo mawili ya kiufundi.

La kwanza, kipimo cha jarida, kile wanachokiita kipimo cha athari. Unachukua manukuu ya mwaka mmoja kwa makala zilizotoka miaka miwili iliyotangulia, unagawa kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani, na katika manukuu wastani unadanganya: makala chache zinavuta karibu mzigo wote, nyingi zinanukuliwa kidogo au hazinukuliwi. Kumpima mtu kwa jarida alimochapisha ni kumpa alama za jirani yake.

La pili, aina ya kazi. Makala ya Baron na Kenny ya 1986 kuhusu jinsi ya kupima vigeu vya kati, yaani vile vinavyounganisha chanzo na matokeo, na ya Braun na Clarke ya 2006 kuhusu uchambuzi wa mada katika mahojiano, ni miongoni mwa zinazonukuliwa zaidi katika saikolojia yote. Zinastahili, kwa sababu ni zana na kila mtu anazihitaji. Sasa mlinganishe mwandishi wa zana na mtu anayefuatilia watoto walewale kwa miaka ishirini ili ajue utoto unaacha alama gani ukubwani. Huyu wa pili atakaa muda mrefu bila kitu cha kuchapisha. Ukitaka kutumia hesabu kwa haki, angalau linganisha watu wa tawi moja, wa umri mmoja wa kazi, na uangalie idadi ya waandishi wenza. Kielezo-h kibichi hakifanyi lolote kati ya hayo.

Mwanafunzi wa uzamivu

Shikamooni wakubwa. Nina swali la mtu aliye chini kabisa.

Nina data ya msongo wa mawazo kazini ambayo kwa akili yangu ni makala moja nzuri. Nimeshauriwa niikate vipande vinne: kimoja cha usingizi, kimoja cha uchovu, kimoja cha kutaka kuacha kazi, kimoja cha tofauti za umri. Naambiwa bila hivyo sitapata kazi. Najua msomaji atapoteza picha nzima. Nifanyeje?

Mwanzisha mada

Marahaba mdogo wangu. Ushauri huo unatolewa na watu wanaokutakia mema, na ndiyo maana inauma. Donald Campbell, mwanasaikolojia, alionya miaka ya 1970 kwamba kadiri takwimu fulani inavyotumika kuamua mambo ya watu, ndivyo shinikizo la kuichakachua linavyoongezeka, na ndivyo inavyopotosha kile ilichokusudiwa kukipima. Wewe unaombwa uchakachue kazi yako mwenyewe kihalali.

Njia moja iliyopo kwa utafiti wako ujao: tangu 2013, jarida la Cortex lilipofungua mlango huo, majarida mengi yanapokea mpango wa utafiti kabla data haijakusanywa. Wahakiki wanapima swali na mbinu. Ukikubaliwa, makala itachapishwa ukifuata mpango wako, matokeo yawe yoyote. Hapo huna sababu ya kukata vipande wala kubembeleza data. Kwa data uliyo nayo sasa, kama ni lazima utoe zaidi ya makala moja, eleza wazi katika kila moja kwamba zimetokana na sampuli ileile. Hilo msomaji anakudai.

Mkutubi

Mdogo wetu amenigusa. Hata hivyo narudi kwenye hoja yangu, kwa sababu naona hesabu inahukumiwa kwa makosa ya wanaoitumia.

Eugene Garfield alipopendekeza faharasa ya manukuu mwaka 1955, alitaka msomaji makini aweze kuona nani amekosoa makala anayotaka kuitegemea. Ni chombo cha kufuatilia mazungumzo. Kikitumika hivyo, suala la Eysenck linageuka: anayefuata manukuu na kuyasoma anawafikia wale wakosoaji wa miaka ya 1990. Kosa lilikuwa kujumlisha bila kufungua. Kwa hiyo usitupe chombo. Dai kitumike kama alivyokusudia aliyekipendekeza.

Kuhusu kujinukuu, nakubali ni tatizo. Uchambuzi wa makala milioni 1.5 za JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, uliochapishwa 2017 ulikuta wanaume wanajinukuu asilimia 56 zaidi ya wanawake. Lakini hilo linarekebishika: ondoa kujinukuu kwenye jumla. Upendeleo wa kamati utauondoaje, ilhali hauonekani popote?

Na nani atasoma? Mwombaji mmoja ana makala 60. Waombaji wako kumi na wawili. Wajumbe wana madarasa ya kufundisha.

Mwanzisha mada

Mkuu, kwa Garfield umenishinda, na nalichukua: manukuu yafunguliwe yasomwe, yasijumlishwe tu.

Sitaki mtu asome makala 60. Mwombaji alete kazi tano anazozisimamia, na aeleze kwa ukurasa mmoja kila kazi imebadilisha nini: nadharia, mbinu, au jinsi wagonjwa wanavyohudumiwa. Hojaji ya mshauri wetu iingie hapo kama kazi kamili. Azimio la San Francisco, lililoanza mwishoni mwa 2012, linataka kipimo cha jarida kisitumike kumhukumu mtu. Manifesto ya Leiden ya 2015 inaweka kanuni ya kwanza kwamba hesabu iunge mkono hukumu ya wataalamu. Taasisi nyingi zimetia saini azimio hilo, kisha fomu zao bado zinauliza kielezo-h kwenye ukurasa wa kwanza.

Kwa hofu yako ya upendeleo, Peters na Ceci wanatupa dawa. Wasomaji wapewe kazi hizo zikiwa zimefichwa jina la mwandishi, jina la jarida na idadi ya manukuu. Waandike hukumu yao kwanza. Hesabu zifunguliwe baada ya hapo, na tofauti ikiwa kubwa, waeleze kwa nini.

Mtakwimu

Kuficha jina katika tawi dogo ni kazi bure. Atatambulika kwa sampuli na mbinu zake kabla msomaji hajamaliza ukurasa wa pili.

Mwanzisha mada

Mara nyingi, ndiyo. Ndiyo maana msomaji mmoja atoke ndani ya tawi na mwingine tawi la jirani, ambaye anaelewa mbinu lakini hawajui wahusika. Na sababu walizoandika apewe mwombaji, azijibu, akate rufaa. Leo akikataliwa kwa sababu kielezo chake ni 9 na walitaka 10, atamjibu nani?

Mkutubi

Kwenye rufaa na sababu za maandishi tuko pamoja, na ningependa hilo lianze hata kesho. Kwenye kuficha hesabu hadi mwisho bado napinga. Binti asiye na mtu ana silaha moja tu, na unamwomba aiache mlangoni wakati wenye majina makubwa wataingia na sauti zao zikitambulika kwenye kila aya. Mimi ningempa haki ya kuchagua mwenyewe: hesabu zake zisomwe mwanzo, au zisomwe mwisho.

Mshauri wa kliniki

Na asiye na hesabu kabisa, mkuu? Akichagua "mwisho", kamati nzima itajua kwa nini.