Makala ya miaka 15: niyarekebishe, niyafute au niyaache yalivyo?

BintiLangoni (Lamu)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Ramadhani iliyopita.

Nilianza kuandika blogu mwaka 2009, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Nilikuwa nikienda katika saiba moja ya karibu na bahari, tukilipa kwa dakika, na umeme ukikatika kabla hujahifadhi ulichoandika, kazi yote ilipotea. Kwa sababu hiyo niliandika kwanza usiku kwenye daftari la mistari, kisha Jumamosi nikaenda kuyapiga chapa. Madaftari hayo ninayo hadi leo.

Nilichotaka kilikuwa kimoja. Mji wetu ulikuwa umeingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, lakini aliyetafuta habari zake mtandaoni alikutana na bei za hoteli na maelezo ya wageni waliokaa siku nne wakaondoka. Nilitaka mtu wa Mkomani au Langoni asome habari za mtaa wake kwa lugha yake mwenyewe. Niliandika kuhusu vidaka (vishubaka vya ukutani) na kuta za matumbawe za nyumba za zamani, punda na mizigo yao, safari za kwenda kukata boriti mikokoni, na Maulidi. Mwezi Machi 2012, viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walipofika kuzindua ujenzi wa bandari, niliandika kwa furaha kubwa kwamba vijana wetu wote watapata kazi. Mwaka 2014, tulipowekewa amri ya kutotoka usiku, niliandika kuhusu wavuvi waliozoea kuvua usiku wakabaki nyumbani wakizitazama nyavu zao.

Mwezi uliopita nilianza kuyasoma yote tangu mwanzo. Makala ya bandari yananitia haya kwa jinsi nilivyokuwa na uhakika. Katika makala mengine nilieleza kwamba deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, hupakwa chini ya chombo cha baharini ili kukipendezesha, ilhali kila mtoto wa baharini anajua kwamba kazi yake ni kuukinga ubao na wadudu wa majini. Picha nyingi nazo zimetoweka, kwa sababu kampuni niliyoziweka kwake ilibadilisha masharti, na mahali pa picha pamebaki visanduku vitupu.

Hayo ningeweza kuyastahimili. Lililo zito ni makala ya 2011 kuhusu fundi wa kuunda vyombo vya baharini wa Matondoni, kijiji cha kisiwani kwetu. Mzee yule alinifundisha kwa siku tatu kazi ya mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake) na kukalafati, yaani kuziba nafasi za mbao, kwa pamba, na alinipa ruhusa ya kuandika yote. Siku ya mwisho, nikiwa nimeshafunga daftari na tunakunywa kahawa, alinieleza kwa uchungu habari za mwanawe mmoja aliyeiacha kazi hiyo akahamia Mombasa. Maneno yake yalikuwa mazuri sana, nami nikayatia kwenye makala bila kumuuliza. Mzee alifariki 2016, Mungu amrehemu. Sasa yule mwana amerudi kijijini, amesoma, na amenitumia ujumbe wa mstari mmoja tu: "Mwalimu, haya baba alikuambia wewe, hakuwaambia watu."

Nimefikiria kuifunga blogu nzima. Nifanye nini?

MsomajiWaMalindi

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Mimi ni mmoja wa wasomaji wako usiowajua. Nilianza kukusoma 2013 nikiwa kidato cha pili, kwa simu ya kaka yangu, na ni kwako nilikojifunza kwamba watu wa Amu, yaani Lamu, husema "mato" tunapoandika "macho", na "nti" tunapoandika "nchi". Shuleni tulikuwa tukidhani kwamba kusema hivyo ni kukosea. Tafadhali usiifunge.

Kuhusu makala ya bandari, mimi ninaona kinyume na wewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya hapa Malindi iliamua kwamba zaidi ya wavuvi 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi huo, na mwezi Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Msomaji wa leo anayajua hayo. Asichokijua ni kwamba 2012 walikuwapo watu wa Lamu, wenye akili timamu na wanaoupenda mji wao, waliotarajia mema. Ukiyafuta matarajio yale, atakayesoma baadaye atadhani kwamba wote walipinga tangu siku ya kwanza, na huo hautakuwa ukweli.

Kuhusu fundi wa Matondoni sina la kukushauri. Nawaachia waliokuzidi umri.

MzeeWaMkomani

Mwanangu, nimekusoma mara mbili kabla ya kujibu.

Umechanganya mambo mawili, na ndiyo maana unataka kuuchoma moto mtumbwi mzima kwa sababu ya tundu moja. Kuna kosa la elimu na kuna amana ya mtu. Deheni na bandari ni makosa ya elimu. Maneno ya mzee yule ni amana.

Kwa kosa la elimu, tazama walivyofanya waliokutangulia. Washairi wa tendi, yale mashairi marefu ya masimulizi, walikuwa na desturi ya kutaja katika beti za mwisho idadi ya beti zao na mwaka waliotunga, ili anayenakili asipunguze wala kuzidisha bila kujulikana. Muhamadi Kijuma wa mji wetu huu, aliyefariki 1945, alinakili tendi nyingi kwa mkono wake kwa hati za Kiarabu, na nakala zake kadhaa zimehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo kikuu cha SOAS. Tunazisoma leo kwa kuwa kuna mtu aliyekaa na wino na karatasi. Nawe ufanye hivyo: makala yaache, chini yake andika kwamba mwaka fulani umegundua kosa hili, sahihi ni hii, kisha utie jina na tarehe. Atakayesoma ataona ulivyojua zamani na unavyojua sasa, naye atakuamini zaidi katika yale ambayo hukuyasahihisha.

Amana ni jambo jingine. Mzee alisema ukiwa umefunga daftari. Kulifunga daftari ni kumwambia mtu kwamba sasa tunazungumza kama watu wa nyumba moja. Kwa hiyo usitafute ushauri kwetu hapa, wala usimjibu kijana yule kwa ujumbe wa simu. Panda mashua uende Matondoni, umwombe radhi uso kwa uso, na atakalolitaka lifanye bila kujadiliana naye. Akitaka makala yote yaondoke, yaondoke.

FundiMitambo (Shela)

Dada, mimi nitasema kuhusu kuhifadhi tu, maana mengine mzee ameyamaliza.

Usisubiri. Ingia kwenye mipangilio ya blogu yako, toa nakala ya makala yote, uiweke kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Angalia jambo ambalo wengi hulisahau: katika programu kadhaa faili hiyo hubeba maandishi na viungo vya picha tu, bila picha zenyewe. Picha zipakue kando. Zilizotoweka huenda ukazipata kwenye Wayback Machine, huduma ya Internet Archive ya Marekani, taasisi iliyoanzishwa 1996 ambayo huhifadhi nakala za kurasa za mtandao. Andika anwani ya ukurasa wako pale uone walichonacho, ingawa mara nyingi maandishi huwapo na baadhi ya picha hazipo.

Hata hivyo, jambo hilo hilo lina upande mzito kwako. Ukiyaondoa maneno ya mzee kwenye blogu yako, nakala ya zamani inaweza kubaki kule. Wao hupokea maombi ya mwenye tovuti anayetaka kurasa zake ziondolewe, lakini ni lazima uwaandikie. Ukienda Matondoni, mweleze kijana jambo hili waziwazi. Usimwahidi kwamba yamefutika kabla hujahakikisha.

BintiLangoni (Lamu)

Mzee wangu, ndugu zangu, Mungu awalipe. Nimerudi kutoka Matondoni jana alasiri.

Nilikuwa nimejiandaa kufuta makala yote. Yule mwana alinipokea vizuri, akanisikiliza hadi nikamaliza, nikamweleza pia kuhusu nakala iliyo Marekani. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nina sauti ya baba yake. Sina, nilikuwa na daftari tu. Basi nikamsomea kutoka kwenye daftari lenyewe, kurasa 23, namna baba yake alivyochagua ubao, alivyoupinda na alivyogonga pamba, kwa maneno ya mzee yale yale. Alipomaliza kusikiliza aliniomba niondoe aya mbili zinazomhusu yeye na kuyaacha mengine yote. Aya hizo nimeziondoa jana usiku, na ombi kwa Internet Archive nimelituma asubuhi hii. Chini ya makala nimeandika kwamba aya mbili zimeondolewa kwa ombi la familia, na tarehe.

Kabla sijaondoka alinihesabia vyombo saba ambavyo baba yake aliviunda, kila kimoja na nahodha wake wa kwanza, na viwili kati yake bado vinasafiri. Safari hii nilimuuliza, kila alipotua, kama hilo nalo niliandike. Lipo kwenye daftari. Jumamosi nitalipiga chapa, kisha nitampelekea alisome kwanza yeye.