Vitz ya Kigamboni: niweke plastiki juu ya tairi za nyuma, au nitafungia kutu ndani?

MwlKibada:
Wakuu, habari za jioni. Nina Vitz ya 2003, injini ya lita moja. Nakaa Kibada, nafundisha upande wa mjini, kwa hiyo kila siku ni pantoni kwenda na kurudi. Kipindi cha kusi ukipangwa mbele kule ndani, manyunyu ya bahari yote ni yako.

Juzi kijana anayeniosheia gari akaniita, "Mwalimu, njoo uone." Nyuma upande wa kulia, juu ya tairi, rangi imevimba kama andazi lililolowa chai. Nikabonyeza. Kidole kikaingia! Kushoto ni malengelenge tu, bado.

Kinachonishangaza, mbele bati ni zima kabisa. Mbele kuna zile plastiki nyeusi za ndani ya fenda (moja imekatika, imefungwa kwa waya, msinicheke). Nyuma hakuna kitu, bati tupu. Nikaona jibu ndilo hilo, niweke plastiki na nyuma. Lakini fundi mmoja ananiambia weka, mwingine anasema plastiki ndiyo inafuga kutu. Nimsikilize nani?

BodiTandika:
Dada, wote wawili wako sahihi, inategemea imefungwaje.

Pale juu ya tairi ya nyuma kuna mabati mawili, la nje na la ndani, yanakutana kwenye ukingo na kukunjwa. Tairi linarusha kokoto, kokoto zinakwangua rangi, kisha matope yanajishindilia kwenye ule mkunjo. Matope yenye chumvi hayakauki vizuri, maana chumvi yenyewe inavuta unyevu wa hewani. Gari limepaki kwenye jua, wewe unajua limekauka, kumbe kule ndani linaliwa.

Plastiki inazuia kokoto na matope mengi. Haizuii yote. Ukiiziba kila upande, mchanga utakaoingia hautatoka tena. Acha chini wazi maji yashuke.

Na usianze na plastiki. Toa tairi, piga maji ya presha, acha likauke hata siku mbili. Brashi ya waya, msasa, dawa ya kutu, praima, halafu ile rangi nzito ya lami. Ule upande ulioingiza kidole, hapo hakuna dawa: kukata bati bovu na kuchomelea jipya. Mtu akikuambia atajaza puti, huyo anapaka poda kwenye kidonda.

Mzee_wa_Landrover:
Mnahangaika bure. Oili chafu, brashi, basi. Sisi tumepaka miaka yote.

BodiTandika:
Mzee shikamoo. Oili chafu inashika vumbi, na ikifika kwenye bushi za mpira zinavimba na kulegea. Landrover yako ya zamani bodi yake ni aluminiamu, haili kutu kama bati la Vitz.

Wa_Likoni:
Salaam kutoka Mombasa, nasi twapanda feri kila siku. Jifunze kwangu: nilijiwekea mwenyewe, nikatoboa ule ukingo na kufunga kwa skrubu. Mwaka wa pili kutu ikaanza hapo hapo, kila skrubu na duara lake. Tumia matundu yaliyopo na klipu za plastiki. Ukilazimika kutoboa, toboa mbali na mkunjo, paka rangi ndani ya tundu kabla ya kufunga.

MwlKibada:
Narudi na mrejesho. Za mbele nimepata mtumba Ilala, zimekaa kwenye klipu zake bila shida. Za nyuma sikupata, fundi akakata kwenye pipa la bluu la maji, akalipasha moto kidogo likapinda kufuata umbo. Kwanza nilidhani ananitania. Tumeacha chini wazi kama vidole viwili, na mbali na bomba la moshi.

Kujaribu, nimepakia walimu wenzangu watatu kiti cha nyuma (sitaji uzito wa mtu) tukapita matuta ya Kibada. Kushoto kimya. Kulia tairi likakwangua, ikabidi fundi apunguze kipande.

Kulia bati limechomelewa kwanza, hapo ndipo hela ilipokwenda. Nilipoinama kuangalia kabla hajakata, alitoa mchanga kwenye ule mkunjo kwa bisibisi: ukajaa kikombe cha chai. Mchanga mweupe, wa ufukweni. Sasa kila Jumamosi naingiza mpira wa maji kwa chini, nasubiri yatoke masafi.

BodiTandika, swali la mwisho: yale matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango nayo niyachokonoe?

BodiTandika:
Leo leo, dada.