Kibao cha X kwenye reli, hakuna taa wala geti: nani anampisha nani?

Kenta_Mgeni
Wakuu salaam. Nimetoka Dar nilikokuwa naendesha bajaji, sasa nimepewa kenta, nabeba mpunga kutoka Bahi kuleta mashineni Dodoma mjini. Njia ya vumbi inayotoka mashambani inakata reli ya zamani. Hakuna taa, hakuna geti. Kuna nguzo moja yenye kibao cha X, rangi imebabuka, na mtu kafunga mbuzi wake hapo.

Jumanne jioni nina magunia arobaini, utingo ananiambia, "Kaka twende, siku hizi treni zote zimehamia kwenye umeme." Nikapanda tuta. Tairi za mbele ziko kwenye chuma, nasikia honi. Kugeuka kulia, taa moja kubwa kama mwezi. Nikataka kubadili gia, ikagoma. Nikakanyaga mafuta na gia ileile, gari likapanda likilia. Treni ya mizigo ikapita nyuma yetu, turubai likapepea kwa upepo wake. Nilishuka, nikakaa chini, nikahesabu mabehewa hadi kumi na tisa, nikapotea.

Bosi anasema ile X ni ya kuonyesha reli ilipo tu. Kweli? Na mbona kwenye SGR, ile reli mpya ya umeme, sijawahi kukutana nayo?

Zabibu_Tamu
Pole mdogo wangu. Mwambie bosi wako aendeshe mwenyewe.

Mzee_wa_Kichwa
Mwanangu, pole sana. Nimeendesha vichwa vya treni njia hiyo mpaka nimestaafu. X maana yake ni moja: wewe ndiye unayepisha. Wajerumani waliifikisha reli hiyo Dodoma mwaka 1910 na Kigoma 1914. Barabara nyingi za huko ndizo zilizoikuta reli, kwa hiyo mgeni ni ninyi.

Tena siyo suala la heshima tu. Treni ya mizigo ni chuma juu ya chuma, haina mshiko kama tairi na lami. Nikifunga breki ya dharura, naweza kuburuzwa mamia ya mita, hata kilometa nzima nikiwa na mzigo mzito. Huyo dereva alikuona mapema tu. Alichobaki nacho mkononi ni honi. Sisi tunaita kusali kwa honi.

Na jicho linadanganya: kitu kikubwa kikija kwa mbali kinaonekana kinatambaa. Ukijiambia "bado iko mbali", simama.

Kenta_Mgeni
Shikamoo mzee. Kwa hiyo huyo utingo…

Mzee_wa_Kichwa
Marahaba. Utingo kakosea. SGR imeanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, lakini reli ya zamani haijafa, mizigo inapita. Na huko kwenye umeme hukuti X kwa sababu treni inakwenda hadi kilometa 160 kwa saa. Wamezungushia uzio, barabara zinapita juu au chini yake.

Boda_Chamwino
Msisahau kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli! Hakina mngurumo wa treni, kinatokea tu kama nyoka. Na sisi wa pikipiki tuvuke reli kwa kunyooka. Ukikata mshazari tairi inaingia kwenye mfereji wa chuma, unajikuta umelala kwenye mataruma.

Mkufunzi_Leseni
Naongeza. Ukiona pembetatu yenye ukingo mwekundu na picha ya treni, reli iko mbele, punguza mwendo hapohapo. Kukiwa na pembenane nyekundu, unasimama kabisa hata kama huoni kitu. Taa nyekundu zinazopokezana kuwaka, au mlinda geti mwenye bendera nyekundu: hakuna mjadala. Na geti likiwa juu usilifanye ruhusa, hata geti huharibika.

Kwako wa kenta: ingiza gia ndogo kabla ya tuta, usibadili juu ya reli (umeshajionea). Usipande kama mbele yako kuna gari limeziba, mkia wako utabaki relini.

Zabibu_Tamu
Na gari likizimika katikati?

Mkufunzi_Leseni
Wote nje, mzigo uache. Tokeni relini, kisha kimbieni kwa mshazari kuelekea upande treni inakotokea.

Boda_Chamwino
Kuielekea treni?? Mwalimu umekunywa nini?

Mkufunzi_Leseni
Maji ya Dodoma, yana chumvi kidogo. Fikiria: gari likigongwa, vyuma na magunia vinarushwa mbele, kule treni inakokwenda. Ukikimbilia huko, vinakufuata.

Boda_Chamwino
Hapo nimeelewa.

Msafiri_Singida
Novemba 2023 basi na treni viligongana hapo Manyoni, wakafa watu zaidi ya kumi. Tangu siku hiyo nikipanda basi, likikaribia reli mimi ndiye ninayepiga kelele wazime redio. Wananiita mshamba. Sawa tu.

Kenta_Mgeni
Mrejesho, wakuu. Leo nimesimama kabla ya X, nikazima redio na injini, utingo kashuka akaangalia kulia na kushoto. Alikuwa amenuna, anasema tunapoteza muda. Kimya kabisa, mbuzi tu anatafuna. Akanipungia mkono nipite, halafu ghafla akaugeuza: simama! Kiberenge, watu wanne juu yake, wakatupungia wakapita. Utingo karudi kwenye gari hasemi kitu. Nimemnunulia soda Kigwe.