Mkuu wa idara ya amani lazima awe mtu wa siasa?

kijana_wa_pwani: Wakuu habari zenu, naomba kuuliza, chuoni kwetu programu ya masomo ya amani wamempa msaikolojia aiongoze na watu wananung'unika balaa eti hajui siasa, hii imekaaje?

mzee_kijiwe: Dogo tulia. Chuo kikuu cha Bradford kule Uingereza idara ya amani ilianza 1973, Wakweka ndo walichangisha hela, hawa hawa wa Kanisa la Marafiki kule Kaimosi, na profesa wa kwanza Adam Curle alikuwa mtu wa saikolojia na elimu, katoka Harvard, tena vita ya Biafra kule Nigeria alienda mwenyewe kupatanisha. Sasa huyo utamwambia nini kuhusu siasa?

nimo_tu: Na aliyemfuata 1978, James O'Connell, kafundisha sana Nigeria, enzi za waziri mkuu Thatcher idara ilipigwa vita kweli na yeye akaikingia kifua. Hapo ndo unaona kazi ya mkuu, bajeti na kelele za wakubwa, vyeti baadaye.

mzee_kijiwe: Paul Rogers je, naye si aliwahi kuiongoza idara hiyo hiyo? Yule kasomea baiolojia 😂

kijana_wa_pwani: Duh, baiolojia tena! Haya, huyu wetu nampa semista moja kwanza.