Wachoraji wa Mombasa, tupeane uzoefu: mchezo gani wa rangi umekufungua mkono?

Wenzangu, hamjambo. Habari za kuuzia watalii picha tuziache kando. Nataka visa vya kuchezea rangi: kupuliza kwa mrija, kurashia, kugonga chapa, lolote linalofanya karatasi nyeupe isikutishe. Ukieleza, sema ulitumia nini na ilivyokwenda. "Ilikuwa raha" peke yake haitusaidii.

Naanza mimi. Ugonjwa wangu ni chumvi. Paka karatasi nzito rangi ya maji, ilowe vizuri, kisha nyunyiza chumvi. Kila punje hufyonza maji yenye rangi, na ikikauka ukaipangusa, panabaki vinyota vyeupe. Kazi yote iko kwenye wakati. Dimbwi likiwapo, chumvi huyeyuka tu. Rangi ikishakauka, hakuna kitu. Subiri ule mng'ao uanze kufifia. Kwa unyevu wetu huu, masika ndiyo imeshika, utasubiri sana, labda uwashe feni. Chumvi ya mawe hutoa vinyota vikubwa, ile ya unga huacha kama vumbi.

Bi Kibokoni
Shoga, sisi wapaka hina na piko mkono tunao tayari, tunabadilisha kilichomo kwenye koni tu. Mie natia gundi nyeupe ya watoto wa shule, nachora maua yale yale ya bibi harusi juu ya kipande cha kitambaa cha marekani kutoka Biashara Street. Nakiacha kilale hadi asubuhi, kisha napaka rangi ya akriliki iliyozimuliwa maji juu yake, pote pote. Ikikauka, nakiroweka kwenye maji ya vuguvugu na kukisugua kwa vidole: gundi inatoka, ua linabaki jeupe. Ya mbao msiijaribu, haitoki.

Mwalimu Tudor
Darasani kwangu bajeti ya rangi haipo, kwa hiyo tunaingia jikoni. Koroga bizari ya manjano kwa maji, paka karatasi, iache ikauke. Chovya kijiti kwenye maji ya magadi uchore: mstari unageuka mwekundu wa kahawia papo hapo. Tia ndimu juu yake, unarudi njano. Watoto hupiga kelele mpaka mwalimu wa jirani anachungulia. Bamia nazo kateni mkato wa kukingama, mchovye kwenye rangi na kugonga. Nyingi hutoa ua la pembe tano. Ila picha za manjano msizitundike juani, zinapauka upesi.

Mkosoaji wa Makupa
Samahanini, huku ni kuchafua karatasi. Jifunzeni kuchora mkono na uso kwanza.

Bi Kibokoni
Ala! Umeamka na nani leo?

Wa Mji wa Kale
Kaka Mkosoaji, kuchora uso ni kuzuri, sikatai. Lakini Max Ernst, mchoraji Mjerumani, mwaka 1925, huko Ufaransa, aliweka karatasi juu ya mbao za sakafu akasugua kwa penseli, na michirizi iliyotokea ikamzalia picha. Na tuje karibu: Edward Saidi Tingatinga, Dar es Salaam, mwaka 1968, alichora kwenye hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Angengoja vifaa vya chuoni tungekuwa na nini leo?

Mimi nasugua milango ya nakshi. Karatasi nyembamba, kreyoni iliyovuliwa ganda, unaisugua kwa ubavu wake. Nikifika nyumbani napitisha rangi ya maji juu; nta inaikataa, nakshi inajitokeza. Piga hodi kwanza na uombe ruhusa, mlango ni wa watu.

Fundi Kisauni
Mie napiga spre tuktuk na matatu. Mabaki ya rangi nayarashia kwa mswaki mkuukuu juu ya boksi: chovya, vuta nywele kwa kidole gumba, matone yanaruka. Ukiweka jani la mwarobaini chini, linaacha umbo lake. Kama ni rangi ya thina, fanyieni nje, si chumbani na watoto.

Mgeni Likoni
Mrija wangu rangi haitembei, tatizo nini?

Mwalimu Tudor
Rangi nzito hiyo. Izimue itiririke, kata mrija uwe mfupi, na upulize ukiulaza, usiusimamishe.

Mkosoaji wa Makupa
Hiyo magadi, ni ya kupikia maharage au ya aina nyingine?

Mwalimu Tudor
Hiyo hiyo ya maharage.